Chungu cha Mjini Ndicho Kipangacho Shamba la Kijijini



Wahenga walituachia msemo kwamba dalili ya mvua ni mawingu. Kwa miaka mingi msemo huo ulitosha kumwongoza mkulima wa Uzaramo. Mwezi wa Machi mawingu yalipojikusanya upande wa bahari, jembe lilinolewa, mbegu zikateremshwa kutoka darini, na mvua za masika zilipofika zilimkuta mwenye shamba yuko tayari. Mwezi wa Oktoba mambo yalikuwa yaleyale kwa mvua za vuli. Siku hizi mawingu hujikusanya vilevile, lakini mara huondoka bila kudondosha hata tone, mara humwaga kwa siku mbili maji ambayo zamani yangenyesha kwa wiki tatu.

Yamkini wewe ukaaye Segerea, upandaye daladala alfajiri kwenda kazini na kurudi usiku umeingia, utasema kwamba habari hii ni ya mkulima na wala haikuhusu. Makala haya yanataka kukuonyesha kwamba inakuhusu, na si kwa sababu ya kupanda kwa bei ya unga peke yake. Chungu chako kimo miongoni mwa vitu vinavyoamua kama mkulima ataweza kujinusuru na mabadiliko haya ya tabianchi, au hataweza.

MVUA TULIZOZISHUHUDIA

Tuanze na yale tuliyoyaona kwa macho yetu. Desemba 2011 mvua kubwa ilinyesha hapa Dar es Salaam, bonde la Msimbazi likafurika, watu zaidi ya 40 wakapoteza maisha, na familia nyingi za mabondeni zikahamishiwa Mabwepande. Oktoba na Novemba 2022 jiji hilohilo lilikuwa likigawiwa maji kwa zamu, kwa sababu mvua zilikuwa haba na Mto Ruvu unaotunywesha ulikuwa umepungua sana. Mwaka mmoja tu baadaye mvua za El Niño zikaja kwa nguvu. Aprili 2024 bonde la Rufiji likafunikwa na maji pamoja na mashamba yake, na mwanzoni mwa Mei kimbunga kilichopewa jina la Hidaya kikaifikia pwani yetu. Ukame na gharika viliikumba pwani hii moja katika muda ambao mtoto wa chekechea hajafika darasa la tatu.

Wataalamu wa hali ya hewa wanaeleza sababu yake kwa lugha nyepesi. Hewa yenye joto hubeba mvuke mwingi kuliko hewa baridi, kiasi cha asilimia 7 zaidi kwa kila digrii moja ya Selsiasi. Wakati wa jua hewa hiyo hunyonya unyevu wa udongo kwa pupa. Na inapofika wakati wa kuutua mzigo wake, huumwaga wote kwa mkupuo. Bahari ya Hindi nayo ina sehemu yake. Upande wetu wa bahari unapopata joto kuliko upande wa Indonesia, vuli huwa nyingi mno, kama ilivyokuwa mwaka 2019. Hali inapogeuka, vuli hukosekana. Mwaka 2024 ndio uliokuwa wa kwanza ambao wastani wa joto la dunia ulipita digrii 1.5 juu ya ule wa kabla ya enzi ya viwanda vikubwa.

Moto huu hatukuuwasha sisi wa Segerea, wala hakuuwasha mkulima wa Kisarawe. Sehemu kubwa ya moshi ilitoka katika viwanda na magari ya nchi tajiri, na ni haki yetu kulisema hilo. Hata hivyo moshi umekwisha kufika jikoni kwetu, na malalamiko peke yake hayaivishi ugali.

TAZAMA SINIA LAKO

Leo mchana, kabla ya kunawa mikono, litazame sinia lililo mbele yenu. Unga wa sembe aghalabu umetoka Rukwa, Ruvuma, Iringa, Mbeya au Songwe. Mchele umetoka Kyela, Mbarali au bonde la Kilombero. Nyanya huenda ni za Ilula, viazi mviringo ni vya Njombe, na ndizi za soko la Mabibo zimesafiri kutoka Tukuyu au Kilimanjaro. Sensa ya 1978 ilihesabu watu 843,090 katika Mkoa wa Dar es Salaam. Sensa ya 2022 ilihesabu watu 5,383,728. Karibu wote hawa hula nafaka ambayo hawakuilima.

Katika nafaka hizo mahindi ndiyo mfalme, na hapo ndipo lilipo tatizo letu. Mahindi yana wakati mmoja wa hatari, nao ni zile wiki mbili hivi ambapo mbelewele hutoka juu na ndevu hutoka ubavuni. Jua kali likipiga siku hizo na udongo ukawa mkavu, bunzi halitashika punje, hata kama mvua zitarejea baadaye na majani yakapendeza machoni. Mkulima hupalilia shamba la kijani akavuna magunzi.

Mtama tabia yake ni nyingine. Ukikosa maji hukunja majani yake na kusimama, kama mtu ajifunikaye shuka akingoja baridi ipite. Mvua ikirudi nao huendelea kukua. Uwele huvumilia ukame kuliko hata mtama. Muhogo huyapukutisha majani yake ili usipoteze maji, na mizizi yake hungoja ardhini miezi mingi bila kudai ghala. Kunde nazo huwahi kukomaa, kiasi cha siku 70 tu kwa aina za muda mfupi, na huurutubisha udongo zilipopandwa. Mazao haya hayakuletwa na mradi wa jana. Babu zetu waliyajua, na Wazaramo wa vilima hivi vya Pugu na Kisarawe walipanda muhogo kwenye mchanga wa juu na mpunga kwenye mabonde, wakijua kwamba mwaka ambao kimoja kitashindwa, kingine kitasimama.

Kama ni hivyo, kwa nini mkulima wa Dodoma, apataye milimita zisizofika 600 za mvua katika msimu mmoja wa mwaka, bado hung'ang'ania mahindi? Jibu ni fupi: mahindi yana mnunuzi.

FUNZO LA MIAKA YA SABINI

Jambo hili tumekwisha kulipitia kama Taifa. Ukame wa miaka ya 1973 hadi 1975, ulioangukia wakati wananchi wengi walipokuwa wakihamia katika vijiji vipya, uliilazimisha nchi kuagiza nafaka nyingi kutoka ng'ambo. Wazee wetu wanaukumbuka unga wa mahindi ya njano, ambao watani wa mjini waliuita "yanga" kwa rangi yake. Ndipo ilipopigwa mbiu ya Kilimo cha Kufa na Kupona, na wafanyakazi wa mijini nao wakashika jembe.

Baada ya hapo Serikali ilichukua hatua ya busara. Ilipandisha bei za mazao yanayostahimili ukame, yaani mtama, uwele na muhogo, ili mkulima wa maeneo makavu asicheze kamari na mahindi. Wakulima waliitika wito. Walilima, wakavuna, wakauza kwa Shirika la Taifa la Usagishaji. Ilipofika mwisho wa miaka ya 1970, maghala ya Shirika yalikuwa na shehena kubwa za mtama na muhogo mkavu ambazo hazikupata mlaji. Mkazi wa mjini alitaka sembe, na sembe ilikuwa ikiuzwa kwa bei iliyopunguzwa kwa ruzuku ya Serikali, ruzuku ambayo haikuondolewa mpaka mwaka 1984. Shirika likapata hasara, na mkulima aliyeitikia wito akajikuta hana pa kupeleka mazao yake.

Tuzingatie funzo hilo, ndugu msomaji. Mbegu ilikuwapo, ardhi ilikuwapo, bei ilikuwapo, na mkulima alikubali. Kilichokosekana kilikuwa chungu cha mjini.

AIBU YA MTAMA

Tulijifunza wapi kuuonea aibu mtama? Tangu enzi za ukoloni kibarua wa shamba la mkonge na wa reli alilipwa posho ya unga wa mahindi. Sembe nyeupe ikawa alama ya mtu mwenye kazi, na mtama ukabaki kuwa chakula cha asiye na kitu. Hata leo tunauita chakula cha njaa, kana kwamba chakula kimwokoacho mtu na njaa ni kitu cha kufichwa.

Ipo familia moja hapa Segerea ambayo ilitembelewa na mzee wao kutoka Dodoma. Mzee alileta debe la mtama mweupe, zawadi ya jasho lake. Mkamwana aliupokea kwa adabu zote, akaushukuru mkono wa baba mkwe, akaliweka debe chini ya meza ya jikoni. Aliona haya kuupika, wageni wasije wakadhani kwamba mshahara wa nyumba hiyo umekwisha. Mzee alipokuja tena baada ya miezi kadhaa aliwakuta kuku wa jirani wakiufaidi mtama wake uani. Hakugomba. Jioni, walipokuwa wakila ugali wa sembe, alimwambia mwanawe: "Kama wewe mwanangu huuli, huyo mnunuzi nitakayemlimia nimtafute wapi?"

Swali la mzee huyo linatuhusu sote. Akipanda mahindi, anaiweka familia yake rehani kwa mvua isiyotabirika. Akipanda mtama, anapata chakula lakini hapati ada ya shule wala fedha ya matibabu. Siku hizi viwanda vya bia vimeanza kuununua mtama mweupe wa Dodoma na Singida, na si jambo baya kwa mkulima; lakini ni ajabu kwamba mtama wetu umeijua njia ya kwenda kwenye glasi kabla ya kuijua njia ya kwenda kwenye sahani.

Zipo hoja za upande wa pili, nazo tusizipuuze. Wapo wasemao mtama ni mchungu. Ni kweli kwa aina nyingi nyekundu za zamani. Aina nyeupe kama Macia na Tegemeo hazina uchungu huo, na zikikobolewa vizuri unga wake ni laini. Wapo wasemao unga wa mtama mara nyingi ni ghali dukani kuliko sembe. Hilo nalo ni kweli, kwa kuwa husagwa kidogo kidogo na kufungwa katika pakiti ndogo kama chakula cha wagonjwa. Wanunuzi wakiongezeka, wasagishaji nao wataongezeka. Mkulima naye atakuambia habari ya ndege, hasa kweleakwelea, wawezao kulimaliza shamba kwa siku chache. Lakini shamba moja la mtama lililozungukwa na mahindi matupu huwaita ndege wote wa wilaya. Mashamba yakiwa mengi na yakakomaa pamoja, hasara hugawanyika.

KAZI YA KILA NYUMBA

Baada ya kusema hayo, si haki kukuacha bila kukuonyesha pa kuanzia.

Kwanza, unga. Mama mwenye mtoto mchanga hapa Segerea hununua ulezi na mtama kwa ajili ya uji, kwa kuamini kwamba ni bora kwa mwanawe. Kama ni bora kwa mtoto, kwa nini iwe aibu kwa baba? Anza kwa kuchanganya kikombe kimoja cha unga wa mtama na vitatu vya sembe. Ugali utakuwa na rangi kidogo, na baada ya wiki mbili hakuna atakayeuliza. Chapati nazo hukubali mchanganyiko huohuo kwa unga wa ngano. Umoja wa Mataifa uliuadhimisha mwaka 2023 kuwa mwaka wa nafaka hizi za jamii ya mtama, uwele na ulezi. Maadhimisho yamepita, mapishi yabaki.

Pili, muhogo, na hapa nakuomba uwe na hadhari. Muhogo mtamu wa kuchemsha au kukaanga hauna shida. Muhogo mchungu una sumu ambayo huongezeka ukame unapozidi, na njaa huwafanya watu waharakishe matayarisho yake. Mwaka 1985, wilayani Tarime, haraka hiyo wakati wa ukame ilileta ugonjwa wa konzo, unaopooza miguu na usiopona. Muhogo mchungu hapana budi umenywe, ulowekwe siku kadhaa na ukaushwe barabara. Hata unga wake ukiutilia shaka, uchanganye na maji, utandaze mwembamba kwenye ungo au sinia usizidi unene wa sentimita moja, uuache juani saa mbili au kivulini saa tano. Sumu hutoka na hewa, kisha unga huo hupikwa siku hiyohiyo.

Tatu, mboga na maji. Wengi wetu hununua mchicha na matembele ya kando ya Mto Msimbazi kwa kuwa ni rahisi na mabichi. Mtu alimaye hapo anatafuta riziki, na mji unamhitaji. Lakini mto huo hupokea maji machafu ya viwanda na ya majumbani, na uchunguzi uliochapishwa mwaka 1999 juu ya mboga za kingo za mito ya Sinza na Msimbazi ulikuta ndani yake madini ya risasi na kadimi. Kuosha hakuondoi kitu kilichokwisha kunywewa na mzizi. Heri gunia tatu za udongo na samadi uani, zenye matembele, majani ya kunde na mchicha. Maji ya kumwagilia yako juu ya paa lako. Milimita moja ya mvua juu ya mita moja ya mraba ni lita moja. Bati la mita 50 za mraba, mvua ikinyesha milimita 20, litakupa kiasi cha lita 1,000. Maji ya mwanzo yaache yaoshe vumbi, yanayofuata yakinge, na pipa ulifunike mbu wasizaliane.

Nne, shamba la Jumamosi. Familia nyingi za Segerea zina ekari moja au mbili Kisarawe, Mkuranga au Kibaha, na nyingi hulimwa kwa simu: fedha hutumwa, taarifa nzuri hurudi, mavuno hayarudi. Msimu ujao usikilize kwanza mwelekeo wa mvua unaotangazwa na Mamlaka ya Hali ya Hewa, kisha uligawe shamba. Sehemu moja panda mahindi ya muda mfupi. Sehemu nyingine panda muhogo, na katikati kunde. Usifyeke na kuchoma. Majani makavu yatandaze juu ya udongo yazuie unyevu usipotee. Pingili za muhogo usiziombe kwa jirani bila kuzichunguza, maana batobato na michirizi ya kahawia husafiri ndani ya pingili. Michirizi hii ilielezwa na wataalamu wa Amani, mkoani Tanga, tangu mwaka 1936, na nzi weupe wanaoieneza hustawi penye joto. Kituo cha utafiti wa kilimo cha Kibaha hakiko mbali. Nenda ukaulize mbegu safi, Kiroba ikiwa mojawapo ya aina zilizoenea katika ukanda wetu.

NENO LA MWISHO

Yapo mambo yaliyo juu ya uwezo wa familia moja: mabwawa, maghala ya akiba, barabara za kutoa mazao vijijini, utafiti wa mbegu. Hayo tuyadai kwa wenye dhamana, tena kwa sauti. Lakini hakuna sheria wala mradi uwezao kumlazimisha mtu kula asichokitaka. Maghala yale ya miaka ya 1970 yaliyojaa mtama usio na mlaji ni ushahidi wa kutosha.

Wahenga hao hao walisema: usiache mbachao kwa msala upitao. Mbacha wetu ni mtama, uwele, muhogo na kunde. Tumeutupa nyuma ya mlango kwa kuwa msala wa sembe ulikuwa mpya na mweupe. Mvua za uhakika zilizoutandika msala huo zinaondoka. Basi mbacha tuukung'ute vumbi na kuutandika tena sebuleni, mbele ya wageni, bila kuona haya.

Jumatatu upitapo sokoni Buguruni au dukani kwa jirani, ulizia unga wa mtama. Kama haupo, ulizia tena Jumatano. Muuza duka huagiza kile kinachoulizwa, msagishaji husaga kile kinachoagizwa, na mzee wa Dodoma hulima kile kinachosagwa.

Tuonane Jumapili ijayo.